Gramu Tisini na Nne

Mtaa mzima ulimwita Spana, na ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake alichelewa kugeuka, kana kwamba umemwita mtu mwingine. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mfupi, mabega mapana, na mafuta machafu ya injini yalikuwa yameingia kwenye mistari ya viganja vyake yakakataa kutoka, avisugue kwa sabuni ya unga, avisugue kwa mchanga. Ufundi wa magari aliupata kwa baba yake, dereva wa lori, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume wa kumshikia tochi, akaona binti naye ana mikono. Baba alifariki, lori likauzwa, mikono ikabaki na kazi yake. Gereji ilikuwa kiwanja cha saruji kilichozungushiwa mabati, na nyuma yake vyumba viwili alimoishi na mama yake.

Mama yake alikuwa haoni. Presha ya macho ilimwibia nuru kidogo kidogo kwa miaka minne, mpaka akabaki kutambua tu kama mlango uko wazi au umefungwa. Ndipo akahamia kwa binti yake, na binti akagundua kwamba kumpenda mama anayeishi mbali ni jambo moja, na kugombania naye mahali pa kuweka chupa ya chai ni jambo jingine. Mama alikuwa ametaka muuguzi. "Nilisomesha mtoto awe muuguzi," alizoea kuwaambia wageni, "akaenda kuuguza mikweche." Wageni walicheka. Spana naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Basi Jumatatu moja alfajiri ilikuwa imekwisha kupambazuka, na gari la mwalimu mkuu wa shule ya jirani lilikuwa limelala gerejini tangu Ijumaa, limewekewa pampu mpya ya maji. Mwalimu mkuu alifika mapema, tai shingoni, kwa sababu siku hiyo darasa la mwisho lilianza mitihani na yeye ndiye aliyepaswa kwenda kuchukua bahasha zilizofungwa kwa lakiri kabla ya saa mbili. "Fundi, niambie liko tayari," alisema kabla hata ya salamu. Spana akamwambia liko tayari tangu juzi. Akaingia garini yeye mwenyewe, akakanyaga klachi, akazungusha ufunguo.

Injini ilishika. Halafu mle ndani kukatoka mshindo laini, kama tambara zito lililopigwa ukutani, na ukelele mfupi ambao haukuwa wa chuma.

Alizima kabla hajajua kwamba amezima. Akashuka, akafungua boneti, akatazama, akaifunga tena taratibu. Kisha akaifungua mara ya pili kwa sababu hakuna mwingine wa kufanya kazi ile. Paka wa kijivu, yule asiye na mwenyewe aliyekuwa akizurura gerejini tangu miezi miwili, alikuwa amenaswa kati ya mkanda wa feni na puli. Hakuteseka muda mrefu. Hilo tu ndilo ungeweza kulisema.

Mpiga rangi wa magari, mzee mwembamba waliyemwita Mzee Rangi, ambaye alikodi kona moja ya kiwanja na alikuwa na kifua cha kukohoa, alileta gunia. Akamtia paka humo, akalifunga mdomo.

"Alikuwa anahama," akasema. "Jumamosi niliokota wawili nyuma ya makopo yangu. Watoto wake. Lile dume la ng'ambo ya barabara limewamaliza. Sikukwambia, nikaona nitakuharibia siku."

"Wawili," Spana akasema. "Alizaa wangapi?"

"Watatu. Niliwaona Jumatano wakiwa bado wabichi."

Wote wawili wakaligeukia gari.

"Fundi," mwalimu mkuu akasema nyuma yao, "samahani sana kwa lililotokea, lakini saa moja na dakika tano sasa."

"Nyamazeni kidogo," Spana akasema. Hakuwahi kumwambia mwalimu yeyote anyamaze maishani mwake. Mzee Rangi akaenda akazima kompresa iliyokuwa ikinguruma kwenye kona. Barabarani pikipiki ikapita, ikafifia. Kukawa kimya. Na ndani ya kile kimya, chini kabisa, kikasikika kitu chembamba kama bawaba kavu ya mlango wa kabati.

"Yuko ndani," Mzee Rangi akasema.

"Yuko kwenye sinia ya chini," Spana akasema, maana chini ya injini ya gari lile palikuwa na bamba la chuma la kuzuia mawe, na juu ya bamba palikuwa na nafasi ya kutosha mkono. Kama mwalimu angeondoka naye, ama mtoto huyo angeanguka barabarani ama angebanikwa na bomba la moshi kabla ya kona ya tatu. Spana akautia ufunguo wa gari mfukoni, akaingiza jeki.

"Fundi," mwalimu mkuu akaanza tena.

"Mwalimu, nimeshaua mmoja asubuhi hii."

Mwalimu mkuu alimtazama, akatazama saa, kisha akaiingiza tai ndani ya shati, akapiga goti kwenye saruji yenye grisi. "Nipe tochi," akasema.

Bamba lilishikwa na bolti tisa. Sita zilitoka kwa heshima zao. Tatu zilikuwa na kutu, na bolti yenye kutu ukiiharakisha hukatika kichwa, ukabaki na kazi ya nusu siku. Spana alilala chali, jasho likimwingia machoni, akizirudisha nusu mzunguko, akizisongesha mbele nusu mzunguko, akizinyunyizia mafuta, akingoja. Kungoja ndiko kulikomuuma. Kile kilio kilikuwa kikija kila baada ya pumzi tatu. Kikaanza kuja kila baada ya tano. Halafu alihesabu mpaka kumi na mbili na hakusikia kitu. Bolti ya mwisho ilitoa mlio, ikaachia. Bamba likashuka kifuani mwake pamoja na vumbi, majani makavu na kipande cha tambara, na katikati ya tambara alikuwemo mtoto wa paka mwenye urefu wa plagi mbili za injini, macho yamefumba, masikio yamelala kichwani kama yamebandikwa, na kitovu kikavu bado kikining'inia. Alikuwa wa baridi, ubaridi wa kitu kilichosahauliwa nje.

Spana alimtia kifuani, ndani ya ovaroli, kwenye ngozi. Kisha, kwa mkono mmoja, mwalimu akimshikia bamba, alifunga bolti nne za kutosha kumfikisha mtu. Mwalimu mkuu aliondoka saa moja na dakika thelathini na tano, magoti meusi, tai ikipepea dirishani.

"Umebeba nini?" mama akauliza alipomsikia akiingia jikoni. Masikio ya mama hayakuhitaji macho.

"Mtoto wa paka. Hana mama."

"Mama yake yuko wapi?"

"Amekufa," Spana akasema, na hakuongeza.

"Basi ana njaa huyo. Mtie maziwa. Nimelea watano, nikalea na wa jirani. Mtoto ni mtoto."

Na Spana, ambaye angeweza kushusha gia boksi akiwa amefumba macho lakini hakuwahi kulea hata kuku, alimsikiliza mama yake. Alipasha maziwa ya ng'ombe, akayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akamlaza mtoto wa paka chali kiganjani kama anavyolazwa mtoto wa mtu, akabonyeza. Mtoto hakumeza. Alifungua mdomo, akaufunga, kisha maziwa yakatokea puani, mapovu mawili meupe, na kifua kidogo kile kikaanza kutoa sauti ya maji yanayochemka mbali. Halafu akalegea.

"Mama, hapumui vizuri."

"Mpige mgongoni."

"Mama, atakufa."

"Sasa umesimama hapa unaniambia mimi kwa nini?" mama akasema. "Mimi ni daktari?"

Duka la daktari wa mifugo lilikuwa mtaa wa pili. Spana alikimbia na ovaroli lake, mtu mzima mwenye miaka arobaini na saba, akikatiza mbele ya baiskeli na mikokoteni, akiwa amekumbatia kifua chake kama mwenye kidonda. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti nzito, alikuwa tayari amevaa viatu vya mpira na mkoba begani. Ng'ombe wa mtu alikuwa akisumbuka kuzaa huko bondeni na pikipiki ilikuwa inanguruma nje.

"Dakika moja," Spana akasema. "Nakuomba dakika moja tu."

Daktari alimchukua yule mtoto, akamwinamisha kichwa chini, akamfuta pua kwa pamba, akamsugua mbavu kwa taulo kavu, nguvunguvu, kama anayesugua kiatu. Spana alitaka kumwambia amsugue polepole. Maziwa yakatoka, tone, tone. Kikatoka kikohozi ambacho hakikuwa kikubwa kuliko kupepesa jicho. Kisha kilio.

"Sikiliza, maana nina ng'ombe," daktari akasema huku akiendelea kusugua. "Mtoto wa baridi halishwi. Tumbo limelala, chochote utakachompa kinaoza humo au kinakwenda kwenye mapafu. Kwanza joto. Chupa ya maji ya moto, uifunge kitambaa, umwachie nafasi ya kusogea akiona joto limezidi. Akishapata joto ndipo ale, na anakula akiwa amelala kifudifudi, kama anavyonyonya kwa mama yake. Si chali. Nani alikwambia chali?"

Spana akauliza atakula mara ngapi.

"Kila saa mbili, mchana na usiku. Na kabla na baada ya kula unamfuta huku nyuma kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kwa sababu hawezi kukojoa mwenyewe. Mama yake humlamba. Usipomfuta anakufa na mkojo wake tumboni. Maziwa ya ng'ombe sahau." Akavuta kabatini kopo la maziwa ya unga ya watoto wa mbwa na paka lililokwishafunguliwa, lililoachwa na mtu aliyelea watoto wa mbwa. Halafu akamweka yule mtoto kwenye mizani. Sindano ya mizani ikasogea kidogo, ikakaa. "Gramu tisini na nne. Jike. Ana siku sita hivi, na wa umri huu hufika mia na hamsini." Akamtazama Spana usoni kwa mara ya kwanza. "Nisikufiche. Wengi wa namna hii hawafiki Jumapili. Mpime kila asubuhi. Akiongezeka, anaishi. Akipungua, nipigie."

Tangu hapo maisha ya gereji yalikatwa vipande vya saa mbili mbili. Spana alifunga breki za lori kwa saa moja na dakika hamsini, akanawa mpaka viwiko, akalisha, akafuta kwa pamba, akarudi kwenye lori. Kipimo kilikuwa kidogo hata kikamtia aibu, kwani mkono wake ulizoea kupima mafuta kwa galoni, si kwa matone. Wateja walimkuta akiongea na tumbo lake. Mzee Rangi akaacha kupiga rangi upande wa vyumba, akahamisha kazi yake yote kona ya mbali ili harufu isimfikie mtoto, na ndiye aliyempa mtoto jina. "Ametoka chini ya injini," alisema, "basi ni Nati. Spana bila nati inafungua nini?" Usiku saa ya mezani ililia mara tatu, na kila ilipolia mama aliuliza gizani kutoka kitanda cha pili, "Bado yupo?" na Spana akajibu, "Yupo," na hapo ndipo wote wawili waliposhusha pumzi.

Jumanne, kwenye mizani ya kuazima, gramu tisini na saba. Jumatano mia na moja. Spana aliandika kwa chaki ukutani, karibu na orodha ya vipuri.

Alhamisi asubuhi mizani ilisema tisini na nane. Kitambaa cha kulalia kilikuwa na kinyesi cha maji, cha njano, chenye harufu kali, na Nati hakutafuta bomba. Aligeuza uso tu. Ngozi ya shingo, Spana alipoivuta, ilibaki imesimama kama hema. Alimpigia daktari. Daktari alimwambia apunguze maziwa yawe mepesi, ampe maji ya glukosi matone mawili matatu kila nusu saa, ampake kwenye fizi akikataa kumeza, na joto lisikatike hata kidogo. "Leo ndiyo siku yenyewe," alisema. "Akivuka leo tutaongea."

Hawajamaliza, simu nyingine ikaingia. Gari la kituo cha afya lilikuwa limezimika barabarani, mwendo wa dakika arobaini, likiwa na sanduku la barafu lenye chanjo za watoto wachanga za vituo vitano. Dereva alikuwa amehangaika saa nzima juani. Barafu ilikuwa inayeyuka. Gari lile lilitengenezwa na Spana peke yake. Hakukuwa na fundi mwingine aliyejua nyaya zake, maana nusu ya nyaya hizo alizifunga yeye.

Alisimama jikoni, simu mkononi.

"Nenda," mama akasema.

"Mama, anatakiwa matone kila nusu saa."

"Nimesikia, mimi ni kipofu, si kiziwi. Nionyeshe glukosi iko wapi. Niwekee mkono juu yake. Hivyo. Na bomba. Na kitambaa. Nenda."

"Ukimzamisha tena—"

Neno lilitoka kabla hajalishika. "Sitamzamisha," mama akasema kwa sauti ya chini. "Nitatumia kidole."

Spana aliondoka na Mzee Rangi, ambaye ndiye aliyekuwa na leseni ya kuendesha gari la kuvuta. Njiani alikuwa akitazama mikono yake. Walilikuta gari limeegeshwa chini ya mti, dereva amelifunika sanduku kwa shati lake mwenyewe. Kosa lenyewe halikuwa kubwa, ila lilikuwa limejificha: waya wa pampu ya mafuta umesagika mahali unapopita chini ya kiti. Kuutafuta kulichukua muda. Saa tano alipiga simu nyumbani. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita.

"Labda amelala," Mzee Rangi akasema.

"Mama halali mchana."

Skrubu ilimponyoka ikaingia kwenye nyasi, akaitafuta kwa vidole huku akihesabu nusu saa kichwani. Saa sita akapiga. Ikaita. Halafu kwenye simu yake ukaingia ujumbe wa jirani anayeuza maji: umeme umekatika mtaani tangu saa nne, je, ataweza kuazima jenereta? Spana aliusoma mara mbili. Birika lao lilikuwa la umeme. Mkaa haukuwemo. Mama hakuwa na namna ya kupasha maji, na chupa aliyoiacha ya moto ilikuwa imepoa zamani.

"Twende," Mzee Rangi akasema. "Wao watafute fundi mwingine."

Spana aliangalia sanduku, na dereva aliyekaa juu yake kifua wazi, midomo imemkauka. Akainama tena chini ya kiti. Akaunga waya, akauzungushia tepu, akaukagua mara moja zaidi kwa sababu kazi ya haraka ndiyo humrudisha fundi barabarani. Gari liliwaka saa saba na robo. Hakungoja shukrani. Kurudi nako kulikuwa na foleni ya kufa mtu kwenye daraja, na Mzee Rangi, ambaye hajawahi kumkatia mtu njia tangu apate leseni, siku hiyo aliwakatia watu wanne.

Saa nane na nusu Spana alisukuma mlango wa jikoni. Simu ya mama ilikuwa mezani, kwenye kioo chake alama za simu zisizojibiwa. Bomba la sindano lilikuwa sakafuni chini ya kabati. Bakuli la glukosi halikuwepo.

"Mama."

Alivuka jikoni kwa hatua ambazo hakuzihisi. Mama alikuwa ameketi chumbani ukingoni mwa kitanda, wima kama mtu anayepigwa picha, amejifunika mablanketi mawili na koti zito la mvua juu yake, katika joto lile. Jasho lilikuwa likimtiririka kwenye kidevu. Bakuli lilikuwa mapajani.

"Shh," mama akasema. "Ndiyo kwanza amemeza."

Spana alipiga magoti. Mama alifungua koti inchi mbili. Nati alikuwa amelala kifudifudi kwenye kifua cha mama, chini ya shingo, kwenye ngozi tupu, kichwa kimegeukia upande. Ubavu ulipanda. Ukashuka.

"Simu nilikusikia," mama akasema kwa mnong'ono. "Mara tatu. Ningeinuka baridi ingemwingia. Kuna wakati alikata kabisa kupumua, nikampulizia, nikamsugua na kidole, nikamtukana. Bomba lilinianguka sikulitafuta. Nimempaka kidole kwa kidole. Redio haina umeme, nikawa nahesabu kwa kengele ya shule. Wale hupiga kila dakika arobaini, nikawa nampa moja kengele ikilia, na moja katikati nikikisia." Akafungua koti zaidi. "Sasa mpokee, mwanangu. Nimebanwa tangu saa nne, na mtu mzima nikijiaibisha hapa hutasikia mwisho wake."

Spana alimpokea Nati. Vidole vya mkono wa mama uliobaki hewani vilikuwa vimekunjamana kwa maji ya glukosi kama vya dobi. Spana aliushika mkono ule, akamsaidia mama kusimama, akampeleka mpaka mlango wa choo, huku mkono wake mwingine umebana kifua.

Siku haikuwa imekwisha. Jioni Nati alitapika kidogo. Umeme ulirudi, wakapasha maji, wakabadilishana zamu, mmoja akishika chupa na mwingine akishika mtoto. Ilipokuwa imebaki zamu moja kabla ya kulala, Spana alisema, bila kumtazama mama, kana kwamba kumtazama kungemdhuru:

"Mimi ndiye niliyemwua mama yake. Niliwasha gari bila kuangalia."

"Najua," mama akasema. "Ukuta huu ni bati. Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unatafuta mtu wa kukugombeza. Nikaona hapana." Alisogeza chupa kidogo. "Na mimi nilikwambia umpe maziwa. Basi tuko wawili. Mpe matone yake, saa imefika."

Ijumaa kitambaa kilikuwa kikavu. Mizani ilisema tisini na nane, ileile. Spana aliiweka chini, akaipandisha tena juu ya meza, akapima upya, tisini na nane. Hakujua kama afurahi. Daktari alisema kutopungua nako ni habari. Jumamosi mia na mbili. Jumapili, siku ambayo wengi hawafiki, mia na nane, na Nati alilivuta bomba kwa ulimi kwa nguvu hata likatoka mikononi mwa Spana.

Jumatatu jicho la kulia lilifunguka upande mmoja kama mfuko ulioraruka, na kesho yake la kushoto.

"Ni ya rangi gani?" mama akauliza.

"Buluu. Daktari anasema wote huanza na buluu."

"Buluu gani? Buluu ziko nyingi. Mimi niliona miaka sitini, usinifanyie mambo ya watoto."

Spana alimwinua Nati dirishani. Alifikiri kweli. Hakuwa mtu wa maneno mazuri, na mbingu na maua hayakumjia. "Umewahi kuona moshi wa gari linalokula oili?" akasema mwisho. "Asubuhi, likiwashwa kwanza. Buluu hiyo, yenye ukungu ndani."

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Lori la baba yako," alisema. "Lilikuwa linatoa moshi huohuo mwaka mzima, akisema ni umande." Alinyoosha viganja viwili vikiwa vimeungana, na Spana akamweka mtoto humo.

Mwezi mmoja baadaye mwalimu mkuu alileta gari kwa ajili ya bolti zile tano zilizokuwa hazijafungwa. Alimwona Nati akipanda kwenye tairi na kudondoka, akipanda na kudondoka, akauliza kwa adabu kama angeweza kumpata kwa ajili ya ghala la shule, ambako panya wamekula hata ramani. Spana alisema itabidi aulizwe mwenyewe. Wakaenda mpaka mlangoni, ambako mama alikuwa ameketi na sahani ya maziwa miguuni.

"Mwalimu," mama akasema, "nasikia uliingia chini ya gari na tai yako."

"Nilimshikia tochi tu, mama."

"Umefanya vizuri. Basi baki na tochi." Nati alikuwa amefika kwenye sahani, akatia pua, akapiga chafya, akaingiza na miguu miwili ya mbele. Mama alisikia maziwa yakimwagika, akainama kuiweka sahani sawa. "Panya wako, Mwalimu, uwanunulie mtego."